Video kwenye Hisabati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yamekuwa yakijirudia kwenye grupu letu la walimu wa Hisabati karibu kila wiki, mengine yametoka kwa wazazi kwenye vikao vya shule, mengine wanafunzi wenyewe wameuliza. Nimeyaweka sehemu moja kwa sababu majibu yanatolewa leo, kesho yameshazama huko juu na mtu anauliza upya. Nimeyapa namba ili jibu likikwambia rudi swali fulani usihangaike kutafuta.

## Mambo ya mwanzo

1. Hivi video inasaidia kweli kwenye Hisabati au ni burudani tu?

Inasaidia, na sababu kubwa wala sio rangi na vikatuni. Sababu kubwa ni kwamba video inarudi nyuma. Mimi darasani nikishafuta ubao ndo basi, na mtoto aliyepotea mstari wa pili hawezi kunyoosha mkono mara sita mbele ya wenzake tisini, ataona aibu, atanyamaza, atanakili mpaka mwisho bila kuelewa. Kwenye video anarudia mara sita na hakuna anayemwangalia.

Salman Khan wa Khan Academy, ile tovuti ya masomo ya bure kwa video, alianza na jambo hili hili. Mwaka 2004 alikuwa anamsaidia binamu yake Nadia masomo ya Hisabati wakiwa miji tofauti, 2006 akaanza kuweka video YouTube kwa ajili ya ndugu zake, na yeye mwenyewe amesimulia kwamba walimwambia wanampenda zaidi YouTube kuliko akiwa nao laivu. Ukikaa ukafikiria utaona wana haki, mtu akikuuliza "umeelewa?" usoni unaitikia hata kama hujaelewa, ila video haikuulizi, unairudisha tu.

Sababu ya pili ni vitu vinavyotembea. Ubao hauwezi kuzungusha pembetatu wala kuinua grafu taratibu, nitalifafanua hili swali la 6.

2. Kwa hiyo video inaweza kuchukua nafasi ya mwalimu?

Hapana. Video haioni daftari la mtoto. Mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, video itaendelea kuongea kama kawaida, na yeye ataendelea kuamini yuko sawa.

Shule zilipofungwa Machi 2020 vipindi vilihamia kwenye TV na redio, huku kwetu Tanzania na Kenya pia. Waliporudi mwisho wa Juni nilichokiona kwa wanafunzi wangu ni kwamba wale waliokuwa na kaka au dada wa kuwakagulia daftari walirudi na kitu, wale waliokuwa wanaangalia peke yao wengi walikumbuka kipindi kilihusu mada gani ila ukiwapa swali hawasogei.

3. Shule yetu haina projekta, umeme wenyewe wa kubahatisha. Naanzia wapi?

Anzia na simu yako. Simu moja inatosha watu sita mpaka nane waliokaa nusu duara, zaidi ya hapo wa nyuma wanaona migongo ya wenzao. Kwa hiyo usijaribu kuonyesha darasa zima kwa mkupuo, gawa vikundi, kundi moja linaangalia video dakika tano wengine wanafanya maswali, afu mnazunguka. Darasa la watu 60 litakula kipindi pacha chote, ndio, ila kila mtu ataona.

Kama shule ina TV ya ofisini au laptop moja, omba. Na nunua kaspika kadogo ka kuchaji kabla hujawaza projekta, maana darasa lililojaa picha ndogo wanaweza kuvumilia lakini sauti wasiposikia wanaanza kupiga stori na hapo umeshawapoteza.

4. Video nzuri za Kiswahili nazipata wapi?

Kwa watoto wa msingi katuni ya Ubongo Kids bado ni ya kwanza kwangu, wameanza 2014 pale TBC1, kazi imetengenezwa Dar es Salaam, kwa hiyo mtoto anasikia Kiswahili chake na anaona mazingira yake, na zile nyimbo zinakaa kichwani. Sekondari ndo shida inapoanza, vitu vingi ni vya Kiingereza, na lugha ya kufundishia nayo ni Kiingereza, ila mtoto wa fom wani aliyetoka juzi tu kwenye KDS na KKS (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika) hajui kwamba hivyo hivyo vitu anavijua tayari kwa majina mengine. Soma swali la 8.

Kabla hujatumia video yoyote fungua kitabu cha kiada, Taasisi ya Elimu Tanzania wameviweka kwenye Maktaba Mtandao yao, hakikisha mada ipo kwenye muhtasari na alama zinafanana. Video nyingi za nje kwa mfano zinakimbilia kikokotoo pale ambapo mwanafunzi wetu anatakiwa afungue kitabu cha majedwali ya logi.

## Darasani

5. Nikiwasha video wanatulia kweli, ila ikiisha nikiuliza swali hakuna anayejua. Nakosea wapi?

Unaiacha icheze mpaka mwisho. Hili ndo kosa namba moja na karibu kila mwalimu analifanya mara ya kwanza, mimi nimelifanya muhula mzima.

Fanya hivi. Usiku uliotangulia angalia video mwenyewe ukiwa na karatasi, andika dakika na sekunde ambazo utaisimamisha, sehemu tatu au nne zinatosha. Mahali pa kusimamisha ni pale kabla jibu halijatokea, sio baada. Mtu kwenye video ameandika 3x − 7 = 11, anataka kuhamisha 7, simamisha hapo hapo, waambie kila mtu aandike mstari unaofuata kwenye daftari, pita katikati ya madawati uone wameandika nini, kuna walioandika 3x = 4 na kuna walioandika 3x = 18, waulize wa kila upande watetee majibu yao, halafu ndo uwashe. Sasa hivi wanaangalia kwa hamu kwa sababu kila mmoja anataka kujua kama yuko sawa. Video ya dakika tano kwa namna hii inakula dakika ishirini na tano na ndivyo inavyotakiwa.

Sharti langu ni moja, hakuna kuangalia bila kalamu mkononi.

6. Mada zipi zinafaa video na zipi nisijisumbue?

Zinazofaa ni zile zenye kitu kinachobadilika. Mlinganyo wa mstari y = mx + c ni mfano mzuri sana, ubaoni unachora mstari mmoja, unafuta, unachora mwingine, mtoto anaona michoro mitano isiyohusiana. Ukirekodi skrini ya GeoGebra, programu ya bure ya kuchora grafu, ukawa unavuta m polepole kutoka 1 kwenda 3, mstari unasimama mbele ya macho yao, unaivuta mpaka sifuri unalala, ukipita kwenye hasi unageuka upande wa pili. Ukivuta c mstari unapanda na kushuka bila kubadili mteremko. Sekunde arobaini, na hutatumia tena nusu saa kueleza mteremko ni nini. Mageuzo, kama kuzungusha na kuakisi, nayo hivyo hivyo, na maumbo ya pande tatu, na ule uhusiano wa duara na sine ambao kwenye kitabu unaonekana kama umeangushwa tu kutoka juu.

Tebo ya kuzidisha, kukokotoa asilimia, kurahisisha aljebra, hivyo vinataka mkono, fanya ubaoni na uwape mazoezi. Ukileta video kwa kila kitu watoto wataizoea na haitashtua mtu.

7. Nimeona mwalimu anaanza video na jibu la makosa makusudi. Si anawachanganya watoto?

Anafanya vizuri sana, na nitakueleza kwa nini kwa mfano ambao mwalimu yeyote wa Hisabati hapa anaujua.

Wote tumefundishwa MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa mpe mtoto 12 − 5 + 3. Wengi wanakumbuka JU iko kabla ya TO, wanajumlisha kwanza 5 + 3 wanapata 8, wanatoa, wanakuletea 4. Jibu ni 10. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unaenda kutoka kushoto kwenda kulia, ila lile neno tamu la kukariri limeficha hilo kabisa.

Ukitengeneza video safi inayosema "tunaanza kushoto, 12 toa 5 ni 7, jumlisha 3 ni 10", mtoto atatikisa kichwa, ataona ndicho anachokijua, na kesho ataandika 4. Mtafiti mmoja wa video za kufundishia, Derek Muller, alifanya utafiti wake Sydney kwenye fizikia akaona jambo hili: wanafunzi waliopewa video ya maelezo yaliyonyooka waliiona rahisi lakini hawakubadilika sana, na wale waliopewa video inayotaja kwanza mawazo potofu waliona ngumu zaidi ila ndo walijifunza zaidi. Kwa hiyo anza video na ile 4. Sema wazi kwamba watu wengi wanapata 4, onyesha wanaipataje, afu leta hela: ulikuwa na 12,000 kwenye simu, umetuma 5,000, kuna mtu kakutumia 3,000, una salio gani? Hakuna mtoto atakayesema 4,000.

Angalizo moja tu, jibu la makosa liandike kwa rangi tofauti na ulikate kwa mstari kabla hujaendelea, maana kuna mtoto atasimamisha pale pale na kunakili.

8. Video ni ya Kiingereza na wanafunzi hawamwelewi anayeongea, lafudhi ya mbali.

Zima sauti, ongea wewe. Tumekua tukiangalia muvi za nje zikiwa na mtu anatafsiri kwa Kiswahili juu yake, kila mtu mtaani anaelewa stori, basi fanya hivyo hivyo kwenye Hisabati. Unapata faida mbili, unaongea kwa kasi ya darasa lako, na unaweza kutaja neno kwa lugha zote mbili, "hii denominator ndo asili mliyosoma la nne", kwa sababu mtihani utakuja kwa Kiingereza na hatuwezi kumficha.

9. Naweza kuwapa waangalie nyumbani, darasani tufanye maswali tu?

Wazo ni zuri. Walioitangaza sana njia hii ni walimu wawili wa kemia kule Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza 2007 kurekodi vipindi kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wanakosa masomo, wakagundua kwamba muda wa darasani ni bora utumike kwenye maswali mwalimu akiwepo.

Kwetu mwanafunzi haruhusiwi simu shuleni, wa bweni ndo kabisa, na nyumbani simu ni ya mama, inarudi saa mbili usiku ikiwa na chaji asilimia 9. Usijenge kipindi juu ya kitu ambacho theluthi ya darasa hawana, kwa sababu watakaobaki nyuma ni wale wale ambao kila siku wanabaki nyuma, na hili linaniuma kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ninachofanya mimi ni kuonyesha darasani kwanza, halafu natuma video hiyo hiyo kwa wazazi wenye uwezo kama marudio, na wasio na simu wanabaki dakika ishirini baada ya masomo, nawawekea kwenye simu yangu.

## Kujirekodi mwenyewe

10. Nahitaji vifaa gani?

Simu, vitabu, dirisha. Panga vitabu pande mbili mezani, weka rula mbili juu kama daraja, laza simu kamera ikiangalia chini, karatasi iwe chini yake. Kaa karibu na dirisha ila mkono wako usiitie karatasi kivuli, kama unaandika kwa kulia basi mwanga utoke kushoto. Tumia maka peni, sio kalamu ya wino mwembamba. Zima feni, funga mlango, simu iweke kwenye hali ya ndege ili mtu asikupigie katikati.

Sauti ni muhimu kuliko picha, earphone za kawaida zenye maiki zinatosha.

11. Iwe na urefu gani?

Chini ya dakika sita. Mwaka 2014 watafiti walipitia rekodi za kuangalia video karibu milioni 7 kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona watu wanashuka sana video ikivuka dakika sita, na pia kwamba video ambazo mkono unaandika hatua kwa hatua zinashika watu kuliko slaidi zilizopangwa tayari. Wale walikuwa watu wazima waliojiandikisha wenyewe, sasa fikiria fom tu mchana wa jua. Mada ikiwa ndefu kata vipande, mfano mmoja video moja.

12. Lazima sura yangu ionekane? Na nikikosea katikati?

Sura sio lazima, mkono na sauti vinatosha. Ukikosea hesabu, usirudie video nzima, sema "hapa nimekosea, tuangalie wapi", rekebisha, endelea. Watoto wanahitaji kuona mtu mzima anakamata kosa lake. Ila kama hukuligundua mpaka umeshatuma, futa na utume upya haraka, video yenye kosa inasambaa kuliko masahihisho yake.

## MB na kuhifadhi

13. Video zinamaliza bando. Nafanyaje?

Tupige hesabu kidogo. Video ya ubora wa chini, tuseme kilobiti 500 kwa sekunde, ya dakika 6: sekunde 360 mara 500 ni kilobiti 180,000, gawanya kwa 8 unapata kilobaiti 22,500, yaani kama MB 22.5. Ukipandisha ubora mpaka kilobiti 2,000 inakuwa MB 90. Kwa karatasi nyeupe na maandishi meusi hakuna anayehitaji hizo 90. Kwa watoto 45 kila mmoja akishusha ya MB 90 darasa limetumia zaidi ya GB 4, kwa ile ndogo ni GB moja hivi.

Na bado sio lazima kila mtu ashushe. Mmoja ashushe, wengine warushiane kwa Bluetooth au memori kadi. Mimi nimewahi kumpelekea flashi kijana wa kibanda cha kuingizia nyimbo pale stendi, akakubali kuwawekea wanafunzi wangu bure.

14. Kuna namna ya kuwa na maktaba nzima bila intaneti?

Ipo, inaitwa Kolibri, ni ya bure, imetengenezwa na Learning Equality. Unashusha masomo mara moja sehemu yenye intaneti, ikiwemo video za Khan Academy, unaweka kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani bila hata MB moja. Inataka nafasi kubwa, chagua mada unazofundisha, usishushe kila kitu.

## Wanafunzi na wazazi

15. Nikiangalia video naelewa kila kitu, nikiingia kwenye mtihani natoka kapa. Tatizo langu ni nini?

Mdogo wangu, hili swali umeuliza wewe na wenzako wengi, na wala sio kwamba huna akili. Kumwangalia mtu akifanya hesabu ni rahisi kwa sababu maamuzi yote kafanya yeye. Yeye ndo kajua aanze na kuondoa mabano, yeye ndo kaona kwamba x² − 9 inafunguka kuwa (x − 3)(x + 3). Wewe umefuata nyuma tu ukisema ndio, ndio, ndio. Kwenye mtihani hakuna wa kumfuata.

Jaribu hivi wiki mbili. Swali likitokea kwenye skrini simamisha hapo hapo, lifanye mwenyewe mpaka ukwame. Ukikwama cheza sekunde kumi tu, uone hatua moja, simamisha tena, endelea mwenyewe. Ukimaliza funga simu, chukua karatasi safi, fanya swali lile lile tangu mwanzo bila kuangalia. Kesho yake tafuta lingine linalofanana kwenye kitabu au kwenye mitihani iliyopita ya NECTA. Utaona video moja inakuchukua nusu saa, na ndo maana mtu anayejisifu kaangalia video kumi kwa usiku mmoja usimwonee wivu.

Na usiongeze spidi kwenye mada mpya. Kwenye marudio sawa.

16. Mwanangu anasema anasoma Hisabati kwenye simu. Nitajuaje kama kweli?

Mzazi, usichungulie skrini, omba daftari. Kama kaangalia nusu saa na hakuna hata mstari mmoja wa kazi, hajasoma. Hata kama wewe Hisabati uliiacha la saba, mwambie akufundishe swali moja, akishindwa kukueleza kwa nini kafanya hatua fulani, mrudishe kwenye video kwa upole. Pia zima ile sehemu ya video kujicheza zenyewe, maana baada ya pembetatu inakuja mpira.

## Kesi za pekee

17. Nina mwanafunzi asiyesikia na mwingine haoni vizuri.

Kwa asiyesikia weka maandishi chini, usiongee huku umegeukia ubao, na kama shule ina mwalimu wa Lugha ya Alama mrekodi pembeni ya skrini. Nyamaza sekunde chache baada ya kila hatua, maana hawezi kuangalia mikono ya mkalimani na karatasi yako kwa wakati mmoja.

Kwa asiyeona vizuri acha kabisa kusema "hii ukiitoa hapa inaenda kule". Sema "saba tunaihamishia upande wa kulia, inakuwa chanya saba". Ukizoea kuongea hivi hata wanaoona watakushukuru.

18. Naruhusiwa kurekodi darasa langu likiwa na wanafunzi na kuweka mtandaoni?

Kuwa makini sana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hawa ni watoto. Ongea na mkuu wa shule, pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na njia salama kuliko zote ni kuweka kamera nyuma ya darasa ionekane migongo na ubao. Mtoto aliyekosea ubaoni usimweke mtandaoni hata kama mzazi karuhusu.

19. Kuna faida ya kujirekodi nikifundisha, bila kumwonyesha mtu?

Kubwa mno. Mwaka 1995 utafiti wa TIMSS, ule wa kimataifa wa Hisabati na Sayansi, ulirekodi vipindi 231 vya Hisabati darasa la nane Ujerumani, Japani na Marekani. Japani mara nyingi watoto walipewa swali gumu kwanza wahangaike nalo wenyewe kabla mwalimu hajaeleza, Marekani mwalimu alionyesha njia halafu watoto wakairudia kwenye maswali yanayofanana. Tofauti kama hizo mtu hawezi kuziona akiwa amesimama pale mbele.

Mimi niliweka simu dirishani kipindi kimoja tu, nikahesabu. Nikiuliza swali nilikuwa nasubiri kama sekunde mbili, halafu najijibu mwenyewe. Na waliojibu wote walikuwa safu mbili za mbele. Siku hizi nahesabu kimya kimya mpaka saba kabla sijafungua mdomo.

20. Video inafundisha njia tofauti na yangu, mwanafunzi kaniletea ubishi.

Mwite mbele afanye kwa njia ile. Ikitoa jibu sahihi na akaweza kueleza kila hatua, andikeni njia zote mbili ubaoni mlinganishe, kama ni mlinganyo wa kipeo cha pili mmoja ametumia kanuni mwingine amekamilisha mraba, watoto wataona zinakutana. Ila mwambie ukweli kwamba swali la mtihani likitaja njia, lazima afuate iliyotajwa.

21. Wanafunzi wenyewe wanaweza kutengeneza video?

Wanaweza, na kundi la watu watatu linatosha: mmoja anaandika, mmoja anaeleza, mmoja anashika simu ya mwalimu. Wape swali ambalo walikosa kwenye jaribio, sio walilopata. Dakika mbili, bila kuediti. Nimekuwa na binti ambaye hakuwahi kujibu kitu darasani mwaka mzima, kwenye video alieleza kwa nini ukigawanya kwa sehemu unageuza ile ya pili, akatumia chapati zilizokatwa robo robo, na sasa hivi video yake ndo naitumia kwa fom wani.